Shada Lililofungwa kwa Sale

Kamba ya katani ilikatika mikononi mwangu saa nane na robo mchana. Mpaka leo naamini kwamba kama kamba ile ingekuwa nzima, nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mwaka 1954, Siku ya Maua. Enzi hizo mijakaranda ya bustani ya mji wa Moshi ikishachanua, watu walikuja kukaa chini yake tangu adhuhuri mpaka jua linazama. Bendi ilipiga. Wahindi walitandika mikeka na kufungua masufuria yao. Watu wa milimani waliteremka na ndizi na vibuyu vya maziwa. Sisi wa mtaa wa Njoro tulivaa kanga ambazo hazijaguswa na maji, tukaleta mashada ya maua ya nyumbani kwetu. Yalipangwa juu ya meza ndefu, na mabibi watatu wenye kofia walipita wakiyatazama, na mshindi alipewa birika. Juu zambarau, chini zambarau. Ukikanyaga ua la mjakaranda linapasuka na kutoa mlio mdogo, na siku ile ardhi yote ya bustani ilikuwa inalia chini ya viatu vya watu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu, Mzee Rajabu, alikuwa fundi cherehani. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi yangu Adija, mwanamke ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi wa baba.

Elisaria nilikutana naye Siku ya Maua ya mwaka uliotangulia. Alikuwa kijana wa Marangu aliyesomea kilimo, akifanya kazi katika bustani hiyo hiyo. Siku ile alikuwa anafunga vibao vya namba kwenye mashada. Alipofika kwenye langu akasoma jina kwa sauti.

"Mwantumu binti Rajabu. Waridi hizi umezikata leo au jana?"

"Kwani zina nini?"

"Zinasinzia."

"Zimechoka kutazamwa na watu wasiojua maua."

Alicheka mpaka akaangusha vibao vyake. Kisha akaenda akaleta maji katika kopo, akazimwagilia taratibu kwenye mashina. Tangu hapo, kila nilipotumwa dukani kwa Mansukhlal kuchukua nyuzi na vifungo, nilipita njia ya bustani, ingawa ilikuwa ndefu zaidi. Tulizungumza yeye akiwa ndani ya uzio, mimi nje. Mwaka mzima hakuwahi kunigusa hata kidole.

Alipokwenda kwa baba kuniposa, baba alishona mshono mzima kabla ya kumjibu.

"Wewe ni Mlutheri," baba alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Binti yangu hataolewa nje ya dini yake."

"Najua, mzee. Nimeshalifikiria. Nitasilimu."

"Hilo usiniambie peke yako. Njoo na wazee wako Jumapili, kama watu wanavyokuja. Nitawapokea."

Jumapili hiyo tulipika pilau. Baba alivaa kanzu ya Idi. Majirani walileta viti. Tukangoja adhuhuri, tukangoja alasiri, pilau likapoa, majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake. Magharibi baba alivua kanzu, akaikunja, akaketi kwenye cherehani. Kesho yake Njoro nzima walikuwa na msemo mpya. Mtu akicheleweshwa, walisema, "Unangoja pilau la Mwantumu."

Wiki mbili zilipita bila neno kutoka kwa Elisaria. Ndipo ikaja Siku ya Maua.

Nilikuwa nimesimama mezani na shada langu, waridi na asumini, nilipomwona anakuja kati ya miti. Alivaa shati jeupe na suruali ya kaki, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimeapa kwamba nikimwona nitageuza uso. Uso haukugeuka.

"Ehee," Shangazi Adija alisema, "mwenye pilau lake huyo."

Elisaria aliinamisha kichwa. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Pilau lako tulikuwekea siku mbili. Siku ya tatu tukawapa kuku. Kuku nao wakauliza, mwenyewe yuko wapi?"

"Ni haki yako kunisema, shangazi. Naomba niongee na Mwantumu. Hapa hapa, mbele yako."

"Ongea. Mimi masikio yangu leo yako kwenye bendi." Lakini hakusogea hata hatua moja.

Elisaria alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa penye moshi.

"Mwantumu, siku ile sikuja."

"Niliona."

"Kuna jambo lilitokea nyumbani."

"Jambo gani?"

Akaizungusha kofia mkononi.

"Uliumwa?"

"Hapana."

"Kulikuwa na msiba?"

"Hapana."

"Basi ulifungwa kamba."

Alitaka kutabasamu, akashindwa. "Ni kama hivyo."

"Na nani?"

"Nikimtaja nitakuwa nimemvunjia heshima. Usiniulize hilo, Mwantumu. Niulize lingine lolote."

"Sina lingine. Baba yangu alivaa kanzu ya Idi kwa ajili yako. Ungetuma hata mtu!"

"Najua."

"Hujui. Hukumwona akiivua."

Aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa jani. Lilikuwa jani refu la kijani, jembamba kama upanga, limefungwa fundo katikati. Alilishika kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, mtu mzima yule, mbele ya watu.

"Nimekuletea hili. Nimelikata kwetu alfajiri. Nakuomba ulipokee."

Majani yale nilikuwa nayaona tangu utoto. Yamejaa kwenye mipaka ya mashamba ukipanda njia ya mlimani. Kwetu Njoro lilikuwa jani tu.

"Miti yote ya mji imechanua," nilimwambia, "wewe unaniletea jani?"

Shangazi alicheka. Elisaria hakucheka.

"Lipokee tu. Ukilipokea, mengine yatakuwa sawa, hata usiponiambia neno."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika waridi. Nikalichukua kwa mkono wa kushoto, kama mtu anavyopokea gazeti, nikaliweka mezani.

Laiti ningejua kuchora, ningechora uso wake wakati ule. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao shingo ilikuwa imeshazoea kuubeba.

"Ahsante," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimepata kazi Mombasa. Kesho niliazimia kuondoka. Sasa siendi."

"Uende, usiende, miguu ni yako."

Safari hii alicheka. "Nitakaa pale kwenye ngazi mpaka bendi imalize. Ukiwa na neno, njoo uniambie. Usipokuwa nalo, mimi nimesharidhika."

Akaenda akaketi kwenye ngazi za jukwaa la bendi, maua ya zambarau yakimwangukia mabegani, na hakuyapangusa. Nami moyoni nilikuwa nimeshaamua. Mabibi wakishapita, ningekwenda pale ngazini na kumwambia: njoo Jumapili, na ukichelewa tena, kuku wetu wameshazoea pilau. Nilikuwa nimelipanga neno lile lote, hata mahali pa kucheka.

"Mwantumu!" Shangazi alinigutua. "Wanakuja hao. Kaza shada lako, limelegea."

Nikavuta kamba. Ikakatika. Waridi zikatawanyika mezani na mabibi walikuwa mashada manne tu kutoka kwetu.

"Tafuta kitu, haraka!"

"Sina kitu, shangazi!"

"Si hilo jani la Mchagga wako? Ligumu hilo."

Nikalichukua. Nikafungua fundo. Nikalipasua kwa kucha kutoka ncha mpaka chini, nusu moja ikaanguka chini ya meza, na nusu ya pili nikaizungusha kwenye mashina ya waridi, nikakaza kwa meno. Lilifunga vizuri kuliko kamba. Nikaona limependeza, kijani chake kwenye wekundu ule. Nikageuka kule ngazini, nikaliinua shada juu ili Elisaria alione. Nilikuwa natabasamu. Nilidhani atafurahi kwamba zawadi yake nimeipa kazi.

Alisimama. Alilitazama shada, akanitazama mimi. Hakuonyesha hasira, nami mpaka leo naona afadhali angekasirika. Alivaa kofia yake polepole, akashuka ngazi, akapita katikati ya watu waliokaa, akatoka langoni.

"Huyo naye ana nini tena?" Shangazi aliuliza.

"Labda ameona haya," nilisema.

Shada langu lilipata nafasi ya pili. Anusuya, binti wa jirani yetu mwenye duka, alipata birika kwa maua yake ya njano, akaja kunikumbatia. Nilikuwa bado natazama langoni. Ndipo mama mmoja wa mlimani aliyekuwa anauza ndizi karibu na meza, tuliyemwita Mama Eliaichi, alisogea kuangalia mashada. Alipofika kwenye langu alilishika shina, akalegeza kidogo, akaachia ghafla kama ameungua.

"Nani amepasua sale?"

"Ni mimi, mama. Kamba ilikatika."

"Umelitoa wapi?"

"Nimepewa."

"Lilikuwa na fundo?"

"Ndiyo."

Aliweka kikapu chake chini. "Alikupa kwa mikono miwili?"

"Ndiyo, mama. Lina nini?"

"Mwanangu, hilo ni jani la msamaha. Kwetu mtu akikukosea akakuletea sale, hata kama amekuulia ndugu, humkatai. Na humuulizi maswali, sale limeshamsemea. Sijawahi kuona mtu akilikataa. Kulipasua ndiyo kabisa, sijawahi hata kusikia." Alinitazama kwa huruma. "Ulilipasua mbele yake?"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

Ngazini hapakuwa na mtu. Langoni hapakuwa na mtu. Kwenye kibanda cha zana za bustani mlango ulikuwa na kufuli. Nikakimbia mpaka kituo cha mabasi, kanga imenivuka kichwani, watu wakinishangaa. Basi la Marangu lilikuwa limeondoka saa tisa kamili. Niliporudi, Mama Eliaichi alikuwa bado amekaa na shangazi, na kwa mara ya kwanza maishani nilimkuta Shangazi Adija hana la kusema.

"Nifanye nini, mama?"

"Mpelekee jingine. Zima. Ukipita Himo utayaona kila mpaka wa shamba. Lakini omba mwenyewe akukatie, usiibe. Na ushike kwa mikono miwili, mwanangu. Miwili."

Jioni ile nilipiga magoti karibu na cherehani ya baba, nikamweleza yote. Baba alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mwanamke hamfuati mwanamume kwao."

"Simfuati kuolewa, baba. Nafuata kosa langu."

"Yeye ndiye aliyetuacha tukingoja."

"Aliomba msamaha, baba. Nami nilimwonyesha kwamba nimeukanyaga, tena nikicheka. Hata kama hataki kuniona tena, asiondoke akiwa na picha ile."

Baba alichomoa uzi sindanoni. "Adija," alisema hatimaye, "utakwenda naye. Ampe jani lake, arudi."

"Nitakwenda," Shangazi alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia alichukue."

Jumapili asubuhi tulipanda gari la Himo. Pale njia panda tulishuka kungoja gari la Marangu. Saa tatu lori lililojaa magunia liliwasha moto mbele yetu, likakata kona kuelekea Holili, na vumbi jekundu likatuvamia. Shangazi aliniwahi, akanifunika uso kwa ubawa wa kanga yake na kunikumbatia mpaka vumbi lilipotulia.

"Utafika kwa mkwe una uso kama tofali," alinitania. Alikuwa anajaribu kunichekesha.

Huko juu Marangu mzee mmoja alitukatia sale kwenye mpaka wake. Nilipomwambia ni la nini, alilifunga fundo yeye mwenyewe, na hakutaka kujua zaidi. Nilipanda kilima kile nimelibeba mbele yangu kama mtu aliyebeba bakuli la maji. Kahawa ilikuwa imeanza kutoa maua meupe chini ya migomba, na harufu yake ilikuwa tamu mno kwa siku kama ile.

Mama yake tulimkuta amekaa kwenye kigogo mlangoni mwa kihamba, pale njia inapoingia kwenye shamba lao. Bado alikuwa na nguo zake za kanisani, lakini hakuwa amekwenda. Alikuwa mwanamke mdogo, na macho yalikuwa ya Elisaria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliona kanga zetu, akaona jani. "Wewe ndiye wa mjini."

"Ni mimi, mama. Jana nilipasua sale la mwanao. Sikujua ni nini. Naomba unionyeshe alipo, nimpe hili."

Aliitazama mikono yangu miwili.

"Alikuambia kwa nini hakuja kwenu?"

"Alikataa, mama. Alisema akimtaja mtu huyo atamvunjia heshima."

Yule mama alijifunika uso kwa viganja. Aliposema, sauti ilitoka kati ya vidole.

"Nilikaa hapa hapa. Alikuwa ameshavaa, na baba yake mdogo ameshavaa. Nikalala njiani, nikamwambia, jina nililokupa kwenye ubatizo ukitaka kulitupa, kwanza niruke mimi. Mtoto hamruki mama yake. Alisimama hapo mpaka jioni, kisha akavua koti." Akavuta pumzi. "Jana amerudi na kofia yake machoni. Nikamuuliza. Akasema, mama, nimekosa huku na nimekosa kule. Leo alfajiri ameondoka."

"Kwenda wapi?" Shangazi aliuliza.

"Mombasa. Ameteremka kwa miguu mpaka Himo. Kuna lori la magunia linalopitia Holili, lilikuwa liondoke saa tatu."

Shangazi Adija aliketi chini kwenye majani, pale pale, na kanga yake ya vumbi. Alinitazama, akaitazama kanga, akaanza kulia kama mtoto. Mimi sikulia. Nilikuwa bado nimeshika jani kwa mikono miwili, wala sikujua pa kuliweka.

"Mama," nilisema, "nirudi nalo?"

"Halirudi lilikotoka." Alisimama. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo mbele yangu, mtu wa umri ule. "Mimi nalipokea kwa ajili yake. Na wewe unisamehe, mwanangu. Mimi sina sale mkononi, lakini hili hili lifanye kazi mara mbili."

"Nimekusamehe, mama."

Akampigia kelele mjomba mmoja alete jembe. Kisha mama mwenyewe alikata kitawi cha sale kwenye mpaka wao, akakipanda kando ya mlango wa chumba cha Elisaria, na lile jani lenye fundo akalilaza juu ya udongo. Sale hata ukichomeka kitawi huota. "Likishika," alisema, "nitamwandikia aje alione."

Lilishika. Aliandika, nami niliandika, barua tatu, kwa anwani ya binamu yake wa Mombasa. Ya tatu ilijibiwa. Ilikuwa mistari miwili tu: *Mama ameniambia yote. Siku ya Maua nitakuwa ngazini.*

Mwezi wa Agosti, mwaka uliofuata, homa ilimchukua kule kule Mombasa, katika siku nne. Walimleta kwa lori, njia ile ile ya Holili. Baba yangu alivaa kanzu ya Idi, tukapanda naye mlimani, akasimama pembeni na wazee wa Kilutheri huku amevua kofia yake, ingawa hakuna aliyemwambia avue.

Wakati wa kufukia ulipofika, mama yake alikwenda mlangoni mwa kile chumba. Kichaka kilikuwa kimefika kiunoni. Akakata jani moja, akalifunga fundo, akaja mpaka niliposimama.

"Mpe," aliniambia.

Nilipiga magoti ukingoni mwa shimo, kidogo tu, kama alivyonifanyia yeye bustanini. Nikamnyooshea jani, kwa mikono miwili.